Kufuatilia tafiti mpya za tiba ya dharura ukiwa Tabora: mwongozo kwa tabibu na muuguzi wa zamu

Utafiti uliotikisa zaidi namna ya kumtibu mtoto mwenye homa kali na mshtuko haukufanyika Ulaya wala Marekani. Ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, katika hospitali ya Teule, Muheza. Jina lake ni FEAST, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji ya haraka ya mshipani, moja saline (maji ya chumvi) na jingine albumini (protini ya damu). La tatu halikupewa maji ya haraka, likabaki na dripu ya kawaida ya matunzo. Ndani ya saa 48, makundi mawili ya kwanza yalipoteza watoto asilimia 10.5 na 10.6. La tatu lilipoteza asilimia 7.3.

Piga hesabu: kwa kila watoto 30 hivi waliomiminiwa maji, kifo kimoja kiliongezeka. Hilo lingetosha kumfanya kila aliye zamu Tabora asome, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka 5, takriban asilimia 23, na zaidi ya nusu ya watoto wa FEAST walikuwa na malaria. Ni watoto wetu hao. Lakini mazoea hayafi kwa sababu tu makala imechapishwa. Yanakufa pale mtu wa zamu anapojua, na wenzake wanapojua pamoja naye.

Mwongozo huu ni kwa daktari, afisa tabibu na muuguzi wa idara ya dharura: wa Kitete, Nkinga, Ndala, hospitali za wilaya kuanzia Igunga na Nzega hadi Urambo, Kaliua na Sikonge, na wa vituo vya afya ambako chumba cha dharura ni kitanda kimoja na mtungi wa oksijeni. Hauhitaji kompyuta. Simu janja, bando dogo na daftari vinatosha.

Hatua ya 1: Anza na rejesta, usianze na mtandao

Kila mwezi duniani huchapishwa makala za tiba ya dharura nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kusoma, hata yule asiye na zamu za usiku. Ukiingia mtandaoni bila swali, utatoka na habari za mashine ambazo hospitali yako haina.

Kwa hiyo chukua rejesta ya idara, pitia miezi mitatu iliyopita, uandike matatizo yanayokuletea wagonjwa mahututi na yale yanayoua. Kwa Tabora orodha haitakuwa mbali na hii: mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu, selimundu, ajali ya bodaboda, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, maambukizi makali ya damu kwa mtu mzima, kiharusi, mkulima aliyeumwa na nyoka shambani au msituni, na aliyekunywa au kuvuta sumu ya viuatilifu vya tumbaku na pamba. Chagua matano tu. Hayo matano ndiyo utakayoyafuatilia mwaka mzima. Mengine yakija, utayasoma siku yakija.

Kisha geuza kila tatizo liwe swali lenye sehemu nne: mgonjwa ni nani, unataka kumfanyia nini, unalinganisha na nini, na unataka kuona matokeo gani. “Je, traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ni nzuri?” halijawa swali. “Kwa mtu mzima aliyepata ajali ya pikipiki na anavuja damu, je, kumpa traneksamiki kuliko kutompa kunapunguza vifo?” Hilo ni swali, na lina jibu.

Hatua ya 2: Jua mwongozo wa taifa unasema nini

Huwezi kujua kipya kama hukijui kilichopo. Pakua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu, toleo la mwaka 2021, uuhifadhi kwenye simu. Kwa kila swali lako, soma kwanza ukurasa wake humo. Kisha soma miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu jambo hilohilo. Ule wa malaria, kwa mfano, husasishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia tarehe ya toleo ulilonalo kabla ya kubishana na mtu.

Andika mwaka wa kila mwongozo kwenye daftari. Ukikutana na utafiti uliochapishwa baada ya mwaka huo, ndipo una kitu cha kuchunguza. Mara nyingi utagundua kwamba kile ulichodhani ni kipya kimo kwenye mwongozo tangu zamani, ila hakuna aliyekifanya. Artesunate ya sindano kwa malaria kali ni mfano mzuri. Utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliofanyika kwa watoto 5,425 katika nchi za Afrika ikiwemo Tanzania, ulionyesha vifo asilimia 8.5 kwa artesunate dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Miongozo ikabadilika.

Kama hujapata mafunzo ya huduma za msingi za dharura ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa mwaka 2018 na kufanyiwa majaribio Tanzania, Uganda na Zambia, yaombe kwa mfawidhi wako kabla ya kuanza kusoma majarida. Yanakupa mpangilio wa kichwani ambamo kila utafiti mpya utapata pa kukaa.

Hatua ya 3: Tengeneza njia ya tafiti kukufikia

Fungua PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo ni bure. Jisajili, kisha andika maneno ya swali lako kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya hifadhi hiyo. Kwa nyoka, jaribu “snakebite AND Tanzania”. Ukipata machache mno, ongeza majirani: “snakebite AND (Tanzania OR Zambia OR Uganda OR Kenya)”. Neno AND linabana, OR linapanua, na yaandike kwa herufi kubwa. Pembeni kuna vichujio. Chagua makala zinazosomeka bure na, kwa maswali ya tiba, majaribio ya bahati nasibu na mapitio ya kimfumo. Ukiridhika, bonyeza kitufe cha kuunda taarifa, uchague ikutumie barua pepe mara moja kwa mwezi. Usichague kila siku. Wiki ya pili utaanza kuzifuta bila kuzisoma.

Kwa maswali matano utakuwa na barua tano kwa mwezi. Zipitie vichwa tu, na weka alama kwenye makala moja au mbili zinazokuhusu.

Makala nyingi utazikuta zimefungwa kwa malipo. Usilipe. Tafuta kwanza PubMed Central, ambako nakala kamili ni bure. Pili, Hinari, mpango ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, unaozipa taasisi za nchi kama Tanzania majarida bila malipo. Akaunti yake ni ya taasisi, si ya mtu binafsi, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo au mganga mfawidhi. Kama hospitali haijasajiliwa, ombi la kuisajili ni kazi ya jioni moja, na itawanufaisha wote waliopo na watakaokuja. Tatu, mwandikie mtafiti mwenyewe. Anwani yake iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, na wengi hufurahi kuombwa nakala na mtu anayetibu wagonjwa.

Jarida moja nalipendekeza kuliko yote kwa mtu wa hapa: African Journal of Emergency Medicine, la shirikisho la Afrika la tiba ya dharura, lililoanza mwaka 2011 na linasomwa bure. Humo utakuta wenzetu wa Muhimbili, ambako idara ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010 na mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huohuo, wakiandika kuhusu wagonjwa waliofika wamechelewa, maabara isiyo na kitendanishi na rufaa za mbali. Nayo maktaba ya Cochrane huweka muhtasari wa lugha nyepesi kwa kila mapitio yake. Ukiwa na dakika tano tu kabla ya zamu, soma huo.

Hatua ya 4: Soma kuanzia kati

Wengi wetu husoma kichwa, kisha sentensi ya mwisho ya ikisiri, tukasema tumesoma. Hapo ndipo hatari ilipo. Fungua sehemu ya mbinu kwanza, utafute mambo mawili: walioingizwa ni nani, na walioachwa nje ni nani.

Rudi kwa FEAST. Watoto wenye kuharisha kulikokausha mwili hawakuingizwa, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua moto. Mtu aliyesikia habari juujuu, kwamba “utafiti umesema watoto wasipewe maji”, anaweza kumnyima dripu mtoto wa kipindupindu, na mtoto huyo akafa kwa kukauka. Sentensi moja ya mbinu ndiyo inayomwokoa.

Habari ya maambukizi makali ya damu kwa watu wazima inafundisha zaidi, na ningependa kila anayefanya kazi wodini aijue kwa mpangilio wake. Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit, Marekani, iliripoti kwamba kuwatibu wagonjwa 263 kwa utaratibu wa saa sita, wenye maji mengi, dawa za kupandisha presha na damu, kulishusha vifo kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Dunia nzima ikaiga. Kisha mwaka 2014 na 2015 majaribio matatu makubwa zaidi, ProCESS la Marekani, ARISE lililoongozwa kutoka Australia na New Zealand, na ProMISe la Uingereza, hayakuona tofauti kati ya utaratibu huo na huduma ya kawaida ya hospitali zao. Mwaka 2017 yakaja matokeo ya Lusaka, Zambia. Watu wazima 209 wenye maambukizi makali na presha ya chini, karibu asilimia 90 wakiwa na VVU, waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliofuata utaratibu wa maji mengi ya mapema walipata wastani wa lita 3.5 katika saa sita, wenzao lita 2. Walikufa asilimia 48.1 dhidi ya 33.0.

Utaratibu ulioonekana kuokoa Detroit uliambatana na vifo zaidi Lusaka. Lusaka mashine za kupumulia zilikuwa chache, wagonjwa wengi walikuwa na VVU na kifua kikuu, na huenda maji yalijaa mapafuni yakakosa pa kwenda. Sasa tazama wodi yako na ujiulize inafanana na ipi. Sisemi usimpe mgonjwa wa mshtuko maji. Nasema mpe kwa kipimo, rudi kitandani, msikilize mapafu, hesabu pumzi, pima oksijeni, ndipo uamue chupa inayofuata. Antibiotiki isichelewe wakati mnajadili maji.

Hatua ya 5: Geuza asilimia iwe watu

Makala zinapenda kusema dawa “imepunguza vifo kwa theluthi”. Theluthi ya nini? Kama vifo vimetoka 3 hadi 2 kati ya watu 1,000, ni theluthi, lakini aliyeokolewa ni mmoja kati ya elfu. Chukua asilimia ya kundi moja, toa ya jingine, kisha gawanya 100 kwa jibu. Utapata idadi ya wagonjwa unaopaswa kuwatibu ili mmoja anufaike.

Traneksamiki ni mazoezi mazuri, kwa kuwa dawa moja imeulizwa maswali matatu na kujibiwa tofauti kila mara.

Kwa ajali kuna CRASH-2, mwaka 2010, wagonjwa 20,211 katika nchi 40. Vifo vilikuwa asilimia 14.5 kwa waliopewa na 16.0 kwa wasiopewa. Tofauti ni 1.5, yaani mmoja anaokolewa kwa kila 67 hivi. Dozi ni gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ukatoa jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote: faida ilikuwa kwa waliopata dawa ndani ya saa 3. Baada ya saa 3, vifo vya kuvuja damu viliongezeka, asilimia 4.4 dhidi ya 3.1. Kijana aliyeanguka na bodaboda kijijini Sikonge, akasubiri usafiri, akapitia zahanati, akapelekwa wilayani, kisha akapewa rufaa kuja Kitete, huenda amefika saa tano baada ya kuumia. Swali la “ajali ilitokea saa ngapi?” sasa ni sehemu ya dozi. Na dawa inastahili kuwa kule wilayani au kituo cha afya, si kumsubiri mkoani.

Kwa mama aliyejifungua kuna WOMAN, mwaka 2017, akina mama 20,060. Vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 1.5 dhidi ya 1.9, na hapa pia faida ilionekana kwa waliopewa ndani ya saa 3. Kwa anayetapika damu kuna HALT-IT, mwaka 2020, wagonjwa 12,009. Vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 3.7 dhidi ya 3.8, yaani hakuna faida, na damu kuganda kwenye mishipa kuliongezeka. Kwa hiyo mgonjwa wa ini anayetapika damu usimpe traneksamiki kwa kuwa tu ilisaidia kwa ajali.

Kuhusu thamani ya p, namba inayopima kama tofauti ingeweza kutokea kwa bahati tu, usiihofu wala usiiabudu. Tafuta masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani wigo ambamo jibu la kweli huenda limo. Yakiwa mapana kiasi cha kugusa faida kubwa na madhara kwa pamoja, utafiti huo haujaamua.

Hatua ya 6: Chuja kinachokuja kwa WhatsApp

Makundi ya WhatsApp ya wahudumu wa afya yana manufaa makubwa, na pia yanasambaza uongo upesi. Mwaka 2020 jarida kubwa la The Lancet lilichapisha makala kuhusu hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, tarehe 22 Mei, na kufikia tarehe 4 Juni makala hiyo ilikuwa imefutwa, kwa kuwa takwimu zake hazikuweza kuthibitishwa. Majira hayohayo, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ambayo kila hospitali ya wilaya inayo, ilipunguza vifo kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Habari zote mbili zilifika kwenye simu kwa namna moja.

Kabla ya kusambaza chochote, fanya haya: tafuta makala yenyewe kwenye PubMed, angalia kama imewekwa alama ya kufutwa, angalia kama ni rasimu isiyopitiwa na wataalamu wenza, na soma nani aligharamia. Kama ni sauti tu au picha ya karatasi isiyo na chanzo, iache ikomee kwako.

Hatua ya 7: Soma na wenzako

Anayesoma peke yake huchoka, na akihamishwa huondoka na elimu yote. Omba nusu saa, siku moja kila wiki mbili, baada ya ripoti ya asubuhi. Makala moja, msomaji mmoja, ukurasa mmoja wa muhtasari. Muuguzi awemo, mfamasia awemo, mtu wa maabara awemo, kwa kuwa wao ndio watakaosema dawa haipo au kipimo hakitoki usiku. Zamu ya kuwasilisha izunguke kwa wote. Nimeona wauguzi wakiuliza maswali makali kuliko madaktari, kwa sababu wao hukaa na mgonjwa saa zote.

Muhtasari ujibu maswali manne, kwa Kiswahili ambacho kila mtu chumbani anakielewa: wagonjwa hawa wanafanana na wetu? Tofauti ni watu wangapi kati ya 100? Tunayo dawa, vifaa na mikono ya kuifanya? Kuanzia leo tunabadili nini, au hatubadili? Jibu la “hatubadili” ni jibu halali, liandikwe.

Hatua ya 8: Badili kwa utaratibu

Usibadili tiba peke yako saa nane za usiku kwa sababu umesoma makala. Peleka pendekezo kwa kamati ya dawa na tiba ya hospitali, pamoja na mganga mfawidhi. Mfamasia aangalie kama dawa imo kwenye orodha ya taifa na inapatikana Bohari ya Dawa. Likikubaliwa, andikeni ukurasa mmoja, mubandike ukutani kwenye chumba cha mahututi, na wa zamu ya usiku waambiwe wakati wa makabidhiano.

Utafiti wa E-MOTIVE kuhusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua, uliochapishwa mwaka 2023, unaonyesha jinsi inavyofanyika. Ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Hapakuwa na dawa mpya. Damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama badala ya kukadiriwa kwa macho, kisha hatua zinazojulikana zikafanywa kwa pamoja bila kusubiriana: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, traneksamiki, dripu, kuchunguza chanzo na kuita msaada. Kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya kuvuja damu, au kifo kutokana na kuvuja damu vilitokea kwa asilimia 1.6 ya akina mama, dhidi ya 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea kama zamani. Hatua zote zilitekelezwa kwa asilimia 91 dhidi ya 19. Sehemu kubwa ya somo imo katika hizo namba mbili za mwisho.

Kabla ya kuanza badiliko lolote, hesabu kwenye rejesta hali ilivyo sasa. Miezi mitatu baadaye, hesabu tena.

Pale ambapo hakuna utafiti

Utafika swali ambalo PubMed italijibu kwa ukurasa mtupu. Kwa Tabora nadhani nyoka ni mojawapo: wanaofika ni wangapi, wamechelewa saa ngapi, wangapi walipitia kwa mganga wa jadi na kufungwa kamba, wangapi walipata dawa ya kuzuia sumu na ilikuwa ya aina gani. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2019 lengo la kupunguza vifo na ulemavu wa nyoka kwa nusu ifikapo 2030, na takwimu hizo lazima zitoke mahali kama hapa, misimu ya mvua wakulima wanapoingia mashambani.

Anza kwa kuongeza safu tano kwenye rejesta: saa ya kuumwa, saa ya kufika, dalili, dawa iliyotolewa, matokeo. Zijazeni kwa msimu mmoja. Kisha omba kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kabla ya kuzichambua kwa ajili ya kuchapisha, mshirikishe mtu wa chuo anayejua takwimu, na mliandikie jarida la Afrika nililolitaja. Siku itakapochapishwa, muuguzi wa Kaliua aliyeandika neno “snakebite” kwenye simu yake ataipokea kwenye barua ya mwezi huo.